Jezi Haidaki Mpira

Ipo kasumba iliyoota mizizi katika mpira wa miguu nchini Tanzania, na kwa kuwa imekwisha zoeleka, wengi hawaitambui tena kuwa ni kasumba. Nayo ni ile ya kumpima mlinda mlango kwa jezi aliyoivaa badala ya kumpima kwa kazi ya mikono yake. Akiokoa shuti kali akiwa katika jezi ya klabu kubwa, huitwa ukuta, huitwa mwamba, huitwa "Tanzania One". Akiokoa shuti la namna ile ile, kwa umahiri ule ule, akiwa katika jezi ya timu ya mkoani, huambiwa kwamba amebahatisha, au kwamba mpigaji hakuwa makini.

Jambo hili si mzaha wa vijiweni. Ndilo linaloamua nani aitwe timu ya taifa, nani apate mkataba wa kuilisha familia yake, na nani auache mpira akiwa na miaka ishirini na mitano, arudi shambani au akaendeshe bodaboda, ilhali mikono yake haijapungukiwa na kitu. Kwa hiyo hapana budi lisemwe waziwazi, bila kuoneana haya na bila ushabiki.

CHANZO CHAKE

Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba ikafuata mwaka 1936. Tangu hapo vilabu hivi viwili vya Dar es Salaam vimejenga himaya kubwa katika nyoyo za watu. Mtoto huzaliwa akakuta baba yake amekwisha mchagulia rangi: nyekundu, au kijani na njano. Hakuna ubaya katika mapenzi hayo. Wala heshima ya vilabu hivyo haikuokotwa njiani. Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Yanga ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba nayo ikaifikia fainali hiyo mwaka 2025. Vilabu vinavyofanya hivyo vinastahili kuheshimiwa.

Ubaya unaanza pale heshima ya klabu inapogeuzwa kuwa cheti cha kila aliyemo ndani yake, na kukosa heshima hiyo kukageuzwa kuwa hati ya mashtaka dhidi ya kila aliye nje. Heshima ya klabu ni mali ya klabu. Imejengwa na wanachama, na walimu, na wachezaji wa vizazi vingi, wengi wao wakiwa wamekwisha fariki dunia. Mlinda mlango anayesajiliwa leo huikuta hapo kama mpangaji anavyoikuta nyumba. Kumsifia mpangaji kwa uzuri wa nyumba ni kukosa adabu kwa waliojenga. Na kumdharau fundi hodari kwa sababu amepanga chumba cha udongo ni kukosa akili.

LUGHA INAYOPENDELEA

Mtu anayetaka kuiona kasumba hii ikifanya kazi na asome habari za michezo kwa makini. Timu kubwa inapokwenda Kaitaba mjini Bukoba, au Sokoine mjini Mbeya, au Lake Tanganyika mjini Kigoma, ikashambulia kwa dakika tisini na kuambulia sare ya bila kufungana, kesho yake husomwa kwamba washambuliaji wa timu kubwa "walikosa mabao ya wazi". Husomwa kwamba bahati haikuwa yao, kwamba uwanja ulikuwa mbovu, kwamba mvua ilinyesha, kwamba mwamuzi hakuwa makini. Katika maelezo yote hayo mtu mmoja hatajwi, au hutajwa katika mstari wa mwisho: yule aliyeruka, akanyoosha mkono, akautoa mpira nje. Mpira haukulikosa lango wenyewe. Ulizuiwa na binadamu.

Lakini siku mlinda mlango wa timu kubwa anapofanya kazi hiyo hiyo, sarufi hubadilika ghafla. Siku hiyo mshambuliaji wa timu ndogo hasemwi kwamba "alikosa". Siku hiyo mlinda mlango "ameokoa", "ameinusuru timu", "ameibeba timu mabegani". Kwa mmoja tendo ni lake; kwa mwingine tendo ni kosa la adui. Kitenzi kimoja tu kimetofautiana, lakini kwa kitenzi hicho mtu mmoja ametajirishwa na mwingine amenyang'anywa jasho lake mchana kweupe.

Waandishi wengi hawafanyi hivyo kwa nia mbaya. Macho yao yameelekezwa upande ambao wasomaji wengi wako. Aliyetumwa kuandika habari za Simba huitazama Simba, na aliyetumwa kuandika habari za Yanga huitazama Yanga. Aliyetumwa kumtazama mlinda mlango wa Kigoma hayupo. Kwa hiyo sifa ya mlinda mlango huyo haikataliwi na mtu, haiandikwi tu. Na kwa mchezaji, jambo lisiloandikwa ni kama halikutokea.

HESABU YENYEWE

Wapo watakaosema kwamba habari za magazeti si kitu, na kwamba takwimu hazina upendeleo. Watasema: mlinda mlango bora ni yule aliyefungwa mabao machache, na aliyetoka uwanjani mara nyingi bila kufungwa, hesabu hiyo haijui Simba wala haijui Yanga. Hoja hii inaonekana kuwa na nguvu, na ndiyo maana inadanganya kuliko zote.

Mshambuliaji akifunga mabao ishirini, mabao hayo ni ishirini katika klabu yoyote. Lakini mabao anayofungwa mlinda mlango si yake peke yake. Ni ya mabeki walio mbele yake, ni ya viungo wanaopoteza au kuulinda mpira, ni ya mfuko wa klabu ulionunua mabeki na viungo hao. Klabu kubwa hununua walinzi bora na huutawala mpira muda mrefu wa mchezo. Mlinda mlango wake aweza kukaa nusu saa nzima asiuguse mpira kwa mkono. Mwenzake wa timu ndogo, siku hiyo hiyo, hana hata nafasi ya kufunga kamba ya kiatu.

Uchukuliwe mfano wa kubuni, wenye hesabu nyepesi. Ligi ya timu 16 humpa kila mlinda mlango michezo 30. Wa kwanza ni wa klabu kubwa, naye hupigiwa mashuti mawili yanayolenga lango katika kila mchezo. Kwa msimu mzima ni mashuti 60. Anafungwa mabao 15 na kuokoa mashuti 45. Wa pili ni wa timu ndogo, naye hupigiwa mashuti sita katika kila mchezo. Kwa msimu mzima ni 180. Anafungwa mabao 36 na kuokoa mashuti 144. Jedwali litaandika 15 dhidi ya 36, na kila mtu atasema kwamba wa kwanza amemzidi mwenzake zaidi ya mara mbili. Kumbe wa kwanza ameokoa mashuti 75 katika kila 100, na wa pili ameokoa 80 katika kila 100. Laiti wangebadilishana malango, wa pili angefungwa mabao 12 pale mwenzake alipofungwa 15. Na wa kwanza angefungwa 45 pale mwenzake alipofungwa 36. Aliye bora ndiye aliyedharauliwa, na kilichomdharau ni hesabu yenyewe iliyosemwa kwamba haina upendeleo.

Itajibiwa kwamba msimu wa 2023/24 tuzo ya mlinda mlango bora wa Ligi Kuu ilikwenda Tanga, kwa Ley Matampi wa Coastal Union. Ni kweli, na ni heshima kwa Tanga na kwa mlinda mlango huyo kutoka Kongo. Lakini itazamwe pia nafasi ya timu yake: Coastal Union msimu ule ilimaliza katika nafasi za juu kabisa, ikiwa na ukuta mgumu. Mlinda mlango aliye bora katika timu inayopigania kutoshuka daraja hawezi kuifikia tuzo ya namna hiyo hata akidaka kwa meno, kwa sababu kipimo chenyewe hakikutengenezwa kumwona.

USHAHIDI WA NYUMBANI

Mwenye shaka na aikumbuke historia ya Juma Kaseja. Mwaka 2003 Simba ilipambana na Zamalek ya Misri, iliyokuwa bingwa mtetezi wa Afrika. Simba ilishinda 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 Cairo, na mambo yakaamuliwa kwa penalti. Simba ikashinda 3-2, na langoni alikuwa Kaseja, kijana ambaye hakuwa hata na miaka ishirini. Usiku ule ulimpa jina ambalo nchi nzima ililitamka.

Miaka ikapita. Kaseja alidakia Simba na Yanga kwa vipindi mbalimbali, kisha akazidakia timu zisizo na himaya: Mbeya City, Kagera Sugar, na hatimaye KMC, timu ya Manispaa ya Kinondoni. Kadiri jezi ilivyopungua ukubwa, ndivyo jina lilivyopungua sauti. Timu ya taifa ikakaa bila yeye kwa miaka kadhaa. Vijiweni ikasemwa kwamba amekwisha, na wengi waliosema hivyo hawakuwa wamekanyaga kiwanja ambacho KMC ilikuwa inacheza.

Mwaka 2019 mwalimu Etienne Ndayiragije alikabidhiwa Taifa Stars, naye akamwita Kaseja. Mwalimu huyo alikuwa amekwisha ifundisha KMC. Hakuhitaji kusimuliwa; alikuwa amemwona kwa macho yake mazoezini na michezoni. Tarehe 4 Agosti 2019, jijini Nairobi, Tanzania na Kenya zilitoka bila kufungana katika kuwania nafasi ya CHAN, kama zilivyokuwa zimetoka Dar es Salaam. Penalti zikapigwa, Kaseja akaokoa, Tanzania ikashinda 4-1. Tarehe 8 Septemba 2019, jijini Dar es Salaam, baada ya sare mbili za 1-1, Burundi nayo ikaondolewa kwa penalti 3-0 katika hatua ya awali ya kuwania Kombe la Dunia. Langoni alikuwa Kaseja yule yule.

Basi na ijibiwe: ile mikono ya Nairobi ilikuwa wapi katika miaka ambayo haikuitwa? Ilikuwa hapa hapa nchini, ikidaka kila wiki. Haikujificha. Ilikuwa imevaa jezi isiyotazamwa. Na kama jambo hilo limeweza kumpata mtu ambaye jina lake lilikuwa limekwisha imbwa nchi nzima, la mlinda mlango ambaye hajapata hata siku moja kuimbwa halihitaji maelezo.

SI TANZANIA PEKE YAKE

Kasumba hii haikuzaliwa Kariakoo. Imo ulimwenguni kote, na ulimwenguni kote imekanushwa na matendo. Gordon Banks aliilinda Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1966 akiwa mchezaji wa Leicester City, klabu ya wastani. Mwaka uliofuata Leicester ilimwuza kwa Stoke City, klabu ya wastani nyingine. Ni akiwa mchezaji wa Stoke ndipo alipookoa kile kichwa cha Pelé huko Guadalajara mwaka 1970, ambacho hadi leo huonyeshwa kwa makipa wadogo kama somo. Banks hakupata kutwaa ubingwa wa ligi ya Uingereza hata mara moja. Kama jezi ndiyo ingekuwa kipimo, mmoja wa walinda mlango wakuu wa historia asingejulikana nje ya mji wake.

Keylor Navas wa Costa Rica alikuwa akidakia Levante, timu ndogo ya Valencia, kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2014. Nchi yake ilipangwa kundi moja na Uruguay, Italia na Uingereza, mataifa matatu yaliyokwisha kuwa mabingwa wa dunia. Ikaongoza kundi, ikafika robo fainali, na katika michezo mitano ikafungwa mabao mawili tu kabla ya kutolewa na Uholanzi kwa penalti. Ndipo Real Madrid ilipomchukua. Lakini hata huko asili yake ilimfuata. Mwaka 2015 klabu ilijaribu kumleta David de Gea wa Manchester United, na mpango ukavunjika saa za mwisho za usajili. Navas akabaki, akadaka, na Real Madrid ikatwaa ubingwa wa Ulaya mara tatu mfululizo, mwaka 2016, 2017 na 2018. Ilipofika majira ya joto ya mwaka 2018, ikamnunua Thibaut Courtois.

Na mlinda mlango wa Afrika huvaa dharau mbili: ya klabu yake na ya bara lake. Denis Onyango wa Uganda alikuwa amelidakia taifa lake kwa takriban miaka kumi kabla bara halijamwona sawasawa; lilimwona mwaka 2016, Mamelodi Sundowns ilipotwaa ubingwa wa Afrika, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwaka anayecheza ndani ya Afrika. Robert Kidiaba wa Lubumbashi aliilinda TP Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 huko Abu Dhabi mwezi Desemba 2010 na kuingia fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia. Ulimwengu ulikumbuka namna alivyosherehekea, akirukaruka huku amekaa chini. Ni wachache waliokumbuka alivyodaka.

KABURI LA BENCHI

Madhara makubwa zaidi ya kasumba hii hayaonekani uwanjani. Yako kwenye benchi. Timu huchezesha washambuliaji wawili au watatu, viungo watatu au wanne, mabeki wanne. Mlinda mlango ni mmoja. Beki wa akiba huingia mwenzake akichoka. Mlinda mlango wa akiba hungoja mwenzake aumie. Kwa hiyo kijana wa mkoani anayeambiwa kwamba hatatambuliwa mpaka avae jezi kubwa, huifuata jezi hiyo, huipata, kisha huketi. Huketi msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mazoezini anapigiwa mashuti, lakini mazoezi hayamfundishi mtu kuzipokea kelele za watu 60,000 wa Uwanja wa Benjamin Mkapa.

Emiliano Martínez wa Argentina alijiunga na Arsenal mwaka 2010. Kwa miaka kumi alivaa jezi ya moja ya klabu maarufu kuliko zote duniani, na dunia haikumjua, kwa sababu alikuwa benchi au ameazimwa kwa Oxford United, Rotherham, Getafe, Reading na wengineo. Mwaka 2020 alihamia Aston Villa ili acheze. Mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia, na tuzo ya Yashin ya mlinda mlango bora duniani akaitwaa mwaka 2023 na tena mwaka 2024. Jezi kubwa haikumpa kitu. Lango ndilo lililompa.

Kwa Tanzania jambo hili ni zito zaidi. Yanga ilimsajili Djigui Diarra wa Mali mwaka 2021. Simba ikamsajili Moussa Camara wa Guinea mwaka 2024. Wote wawili ni walinda mlango wa kweli, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu kwa kuja kufanya kazi yao vizuri. Lakini matokeo yake yaeleweke. Vilabu viwili vinavyotoa sifa vilipowapa wageni malango yao, Mtanzania alibakiwa na njia mbili: aketi nyuma ya mgeni katika jezi inayotazamwa, au acheze kila wiki katika jezi isiyotazamwa. Nchi inayoendelea kuchagua kwa kutazama jezi itajikuta inachagua kati ya walioketi, ilhali wanaodaka wapo.

MSUMENO

Haifai kudhaniwa kwamba kasumba hii inawafaidia walinda mlango wa vilabu vikubwa. Ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Jina linalotolewa na jezi hunyang'anywa na jezi. Mlinda mlango wa klabu kubwa aliyesifiwa miezi minane kwa kazi ambayo nusu yake ilifanywa na mabeki, siku anapofungwa bao la kizembe katika mchezo wa watani wa jadi, haambiwi kwamba amekosea. Huambiwa kwamba ameuza mchezo. Anaambiwa hivyo bila ushahidi, bila shahidi, na mtu aliyemwita shujaa Jumamosi iliyopita. Watoto wake huyasikia maneno hayo shuleni. Wapo walinda mlango ambao kosa moja la sekunde moja limewafuata mpaka walipostaafu.

Ulaya nako ni hivyo hivyo. Tarehe 26 Mei 2018, mjini Kyiv, Loris Karius wa Liverpool alifanya makosa mawili mazito katika fainali ya ubingwa wa Ulaya, na Real Madrid ikashinda 3-1. Baadaye madaktari wa Boston waliomchunguza walieleza kwamba alipata mtikisiko wa ubongo wakati wa mchezo ule. Taarifa hiyo haikumrudishia jina lake. Wengi waliigeuza kichekesho. Klabu ilipokuwa kubwa, na aibu ikawa kubwa. Kipimo cha uongo humdhulumu anayepandishwa nacho sawasawa na anayeshushwa nacho.

WANAOPINGA

Wapinzani wa hoja hii wana neno moja la kweli, nalo halifai kufichwa. Wanasema kwamba kudakia klabu kubwa ni kazi ya aina nyingine. Mlinda mlango wa klabu kubwa hungoja dakika sabini akiwa macho, kisha hutakiwa kuokoa shuti moja tu, na akilikosa mchezo umepotea. Hutakiwa kucheza kwa miguu, kwani timu yake huanzia mashambulizi kwake. Huchezea mbele ya umati usiosamehe. Yote hayo ni kweli, na anayeyaweza ana sifa inayostahili kutajwa.

Lakini kutoka katika ukweli huo haitokei kwamba wa timu ndogo hayawezi. Inatokea tu kwamba hajajaribiwa. Wala haitokei kwamba yale anayoyafanya yeye ni mepesi: kutoka katika krosi ishirini kwa mchezo mmoja, kupanga ukuta wa mabeki wanaobadilika kila msimu kwa sababu klabu haina fedha ya kuwabakiza, kusafiri kwa basi usiku kucha na kudaka mchana wa pili yake, kufungwa matatu Jumamosi na kusimama tena Jumatano bila kukata tamaa. Hayo nayo ni sifa. Timu ya taifa ya Tanzania, inapokutana na Morocco au Nigeria, haichezi kama klabu kubwa inayotawala mpira. Hushambuliwa. Kwa michezo ya namna hiyo, nani aliyezoea kupigiwa mashuti mengi: yule wa lango lililo kimya, au yule wa lango lisilolala?

LA KUFANYA

Dawa ya ugonjwa huu haihitaji fedha nyingi wala mtaalamu wa kigeni. Kwanza, Shirikisho la Mpira wa Miguu na Bodi ya Ligi vitangaze kila wiki, kwa kila mlinda mlango wa Ligi Kuu, idadi ya mashuti yaliyolenga lango lake na idadi ya aliyookoa. Kijana mmoja mwenye kalamu na karatasi katika kila uwanja anatosha kuyahesabu, na televisheni inayorusha michezo hiyo inatosha kuyahakiki. Tuzo ya mlinda mlango bora itolewe kwa hesabu hiyo pamoja na macho ya walimu.

Pili, benchi la ufundi la timu ya taifa liwe na mtu ambaye kazi yake ni kuzunguka mikoani kuwatazama walinda mlango, na orodha ya wanaoitwa ieleze kila mmoja ameonekana wapi na lini. Mwaka 2019 umeonyesha faida ya mwalimu kuchagua alichokiona.

Tatu, vilabu vikubwa vinavyowasajili vijana wenye vipaji na kuwaketisha viwaazime kwa timu zitakazowachezesha. Klabu inayomketisha mlinda mlango wa miaka ishirini na moja kwa misimu mitatu haimlei, inamzika.

Nne, waandishi wa habari za michezo waangalie vitenzi vyao. Mpira uliozuiwa na mtu uandikwe kwamba ulizuiwa na mtu, na mtu huyo atajwe jina katika aya ya kwanza, hata kama ameinyima ushindi timu ambayo mwandishi na wasomaji wake wanaipenda.

Na tano, washabiki wenyewe. Hakuna anayewataka waache kuzipenda timu zao. Wanachotakiwa ni jambo dogo: kipa wa wageni anapookoa, wampigie makofi. Viwanja vingi duniani hufanya hivyo na mapenzi ya timu hayapungui. Mtu aliyelipa kiingilio amelipa ili auone ustadi, na ustadi uliotoka katika mikono ya Kigoma au Bukoba una thamani ile ile ya kiingilio.

Wakati hayo yanangojwa, yupo mlinda mlango wa mkoani ambaye Jumamosi hii atapigiwa mashuti saba na klabu kubwa, ataokoa sita, na kesho yake atasoma kwamba klabu hiyo ilikosa mabao. Anajua alichokifanya. Washambuliaji waliompigia wanajua pia. Wanaopaswa kujua zaidi, wale wanaoandika orodha ya timu ya taifa na wale wanaoandika magazeti, hawana tena udhuru wa kutokujua.